Mgonjwa Aliyekataa Kuruhusiwa

Jumanne moja ya Septemba 2012, Akidor alifika Kakuma na mafurushi sita ya samaki wakavu kutoka Kalokol, kando ya ziwa, na kama kawaida yake alianza kugombana kabla hajaketi.

Ajok Mamer, mwenye duka, alikuwa ameuzoea ugomvi huo. Yeye ni Mjieng wa Sudan Kusini, aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya hapo miaka ishirini. Akidor ni Mturkana wa Kakuma mjini, mjane, aliyefuata samaki ziwani na kuwauza kambini. Walikuwa wamegombana kila wiki kwa miaka minane, na hakuna aliyewahi kumtafuta mwingine wa kufanya naye biashara.

"Hawa hawajakauka," Ajok alisema, akimbonyeza samaki tumboni. "Umewaanika siku mbili, ya tatu ukachoka."

"Wewe Mama Achai! Samaki wangu wamekauka kuliko wewe. Bonyeza vizuri, bonyeza na..."

Sentensi haikwisha. Kilichotoka mdomoni kilikuwa uji wa maneno, si Kiturkana, si Kiswahili. Samaki aliyekuwa mkononi mwake wa kulia akaanguka. Akidor akamtazama pale chini kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyeruka mwenyewe, akainama amwokote, na mkono ukakataa kumfuata. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka.

Ajok alimdaka kabla hajafika chini. Na huku amemkumbatia, alifanya jambo ambalo baadaye watu walimwuliza sana alilipata wapi: aliinua macho akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Mwaka uliotangulia, muuguzi mmoja alikuwa amepita madukani akifundisha habari za kiharusi: uso, mkono, maneno; ukiona vimelegea, angalia saa, kisha kimbia. Wengi walicheka siku hiyo. Ajok hakucheka, kwa sababu mamake alikufa hivyo hivyo huko Bor, na watu wa nyumbani walisema amerogwa.

"Achai!" alimwita bintiye. "Mfuate Erupe kituo cha mafuta. Mwambie dada yake ameanguka. Kimbia!"

Jirani alileta chai ya sukari, aitie midomoni mwa mgonjwa. Ajok akakisukuma kikombe, chai ikamwagika. Akaja mwingine na wembe, kumchanja kwenye paji la uso ili damu mbaya itoke. Huyo alimfukuza kwa jicho tu.

Erupe, mdogo wake Akidor, ndiye aliyekuwa na pikapu iliyobeba samaki. Alifika shati limelowa jasho, wakamlaza dada yake nyuma juu ya godoro la Ajok, wakavuka laga, mto wa msimu uliokauka, kuelekea hospitali ambayo kila mtu, wa mjini na wa kambini, aliita Mabati Mekundu kwa sababu ya paa lake.

Mabati Mekundu ilijengwa na wafadhili. Kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa na chumba cha dharura chenye vitanda viwili, mtungi wa oksijeni, daktari mmoja na gari la wagonjwa. Julai, wafadhili walipunguza bajeti. Daktari akaondoka, gari likapelekwa Lodwar, na mlango wa chumba cha dharura ukatiwa kufuli. Juu ya kufuli palibandikwa karatasi ya Kiingereza iliyosema huduma zimeunganishwa na zile za Lodwar. Lodwar iko kilomita mia na ishirini.

Aliyewapokea ni Sista Chepkemoi, muuguzi yule yule wa mafunzo ya madukani. Alikuwa peke yake na foleni ya watoto wa chanjo. Alimpima Akidor pale pale nyuma ya pikapu.

"Presha ni mia mbili na ishirini, juu ya mia na thelathini," alisema taratibu. "Ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu kamili. Nilitazama."

Chepkemoi alimtazama Ajok kama mtu aliyepewa maji njiani. "Basi iseme saa hiyo huko Lodwar. Iseme kwa kila mtu. Mlaze kwa ubavu, asipewe kitu mdomoni, hata tone la maji. Koo lake limelala, atapaliwa."

"Na oksijeni?" Erupe aliuliza. Mtungi ulionekana dirishani, umesimama kando ya kitanda kilichotandikwa shuka safi.

"Ufunguo anao meneja. Meneja yuko Lodwar."

"Vunja kufuli," Ajok alisema.

Muuguzi aliinamisha macho. "Nikivunja leo, Mama, kesho hata mimi sitakuwepo hapa. Na gari la wagonjwa nikiliita, ni masaa matatu kuja na masaa matatu kurudi. Nendeni sasa hivi, msingoje."

Ajok alipanda nyuma ya pikapu, akaweka kichwa cha Akidor pajani mwake, akagonga kioo cha dereva.

Kwenye kizuizi cha barabara, mwisho wa mji, waliambiwa warudi. Kulikuwa na majambazi njia hiyo, na magari yalitembea kwa msafara, yakisindikizwa na polisi. Msafara wa asubuhi ulikwisha ondoka. Uliofuata ulikuwa wa saa nane mchana.

"Sasa ni saa nne na robo," Ajok alisema. "Huyu mama ana kiharusi. Hawezi kungoja mpaka saa nane."

"Na mkipigwa risasi njiani?" koplo wa polisi aliyesimamia kizuizi aliuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu mwenye macho mekundu ya vumbi, aliyekwisha kuzika wenzake kwenye barabara ile. Akazunguka nyuma ya pikapu, akamwona mgonjwa, kisha akamwona Ajok vizuri: urefu wake, na mistari ya Kijieng kwenye paji la uso. "Wewe ni wa kambini. Kibali chako cha kutoka kiko wapi?"

"Sina."

"Basi shuka."

"Sishuki."

Erupe alitoa kichwa dirishani. "Mama Achai, shuka tu, nitaenda naye mimi."

"Utaendesha gari na kumshika kichwa? Akitapika utamgeuza na mguu?" Ajok akamgeukia koplo. Sauti yake ilikuwa imetulia, na mwenyewe alishangaa. "Afande, mimi ndiye niliyeona saa ilipoanza. Daktari ataniuliza mimi. Lakini wewe una kazi yako, na mimi sitaki uiache. Lete kile kitabu chako."

"Kitabu gani?"

"Kile mnachoandika magari. Andika jina langu, Ajok Mamer, na namba ya kadi yangu, hii hapa. Andika kwamba nimetoka bila kibali, nimekataa kushuka. Halafu chini yake andika jina la huyu, Akidor, mgonjwa wa kiharusi, amefika kizuizini akiwa hai saa nne na robo, akazuiwa. Halafu weka sahihi yako. Akifa hapa, kila mmoja wetu awe kwenye kitabu."

Nzi walizunguka harufu ya samaki. Mguu wa kushoto wa Akidor, ule uliokuwa bado unamtii, ulianza kupigapiga bodi ya gari, ko, ko, ko, na kila mtu akaelewa kwamba alikuwa anasikia yote.

"Erot, barabara hii, kweli haiwezi kumzuia mtu kama huyu," koplo alinung'unika, na hakuna aliyejua kama alimaanisha Ajok au mgonjwa. Akampigia filimbi askari mmoja mwenye bunduki, akamwonyesha kiti cha mbele, akainua kizuizi kwa mkono wake. Kitabu hakukifungua.

Lami ya barabara ile ilikuwa imeliwa zamani. Erupe aliendesha nusu barabarani nusu mchangani. Walipopita nusu ya safari Akidor alitapika. Ajok alimgeuza, akamsafisha mdomo kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akamfunika jua kwa shuka yake. Kisha akaanza kumgombeza. Alimwambia samaki wake wamejaa mchanga, kwamba huko Bor hata paka hawawezi kuwala, kwamba akifa leo, yeye Ajok atayarudisha mafurushi yote sita. Jicho la kushoto la Akidor lilimkodolea njia nzima, limejaa hasira, na Ajok alishukuru kwa hasira hiyo, akazidi kuichochea mpaka sauti yake ikakauka.

Walifika Lodwar saa saba na nusu. Daktari aliyewapokea, Lochakapong, alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vya mpira. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu kamili."

Alihesabu, akapumua. Walimwekea Akidor oksijeni, wakampima sukari, wakaanza kuishusha ile presha kidogo kidogo. Mashine ya kupiga picha ya ubongo haikuwepo. Ya karibu ilikuwa Eldoret, siku nzima ya barabara. Jioni daktari alitoka nje, akachuchumaa karibu na Ajok kwenye kivuli cha ukuta.

"Ataishi," alisema. "Mkono sijui. Maneno yatarudi, si yote. Na matapishi yaliingia kifuani kidogo, kwa hiyo atapambana na homa ya mapafu pia. Kama pale kwenu angewekewa oksijeni na mrija, nami nikapigiwa simu, angefika hapa akiwa mtu mwingine. Masaa manne amekaa bila chochote."

"Vitu vipo," Ajok alisema. "Nimeviona dirishani."

"Najua. Nilifanya kazi chumba kile."

Ajok alikaa Lodwar siku tano, akilala sakafuni chini ya kitanda cha rafiki yake. Aliporudi alijipeleka mwenyewe kwa ofisa wa kambi. Ofisa alimweka benchi asubuhi nzima, kisha akamwonya kwamba mara ya pili itakuwa mahakamani. "Umeelewa?"

"Nimeelewa," Ajok alijibu. "Na mtu akianguka tena dukani kwangu, nitaenda tena." Ofisa aliandika kitu kwenye faili, naye akaenda kufungua duka.

Akidor alirudi Kakuma Desemba. Alitembea kwa fimbo, mguu wa kulia ukichora mstari mchangani. Mkono ulining'inia. Maneno yalimjia moja moja, kama mbuzi wanaotoka zizini kwa mlango mwembamba, na akiyakosa alipiga fimbo chini. Watu walianza kumsemea. Dadake mmoja alimsemea kanisani, Erupe alimsemea sokoni. Ni Ajok peke yake aliyengoja mpaka neno litoke, huku akiendelea na shughuli zake, hata kama lilichukua muda wa kupima kilo mbili za unga.

Februari, lori lilisimama Mabati Mekundu. Habari zilifika dukani kabla vumbi halijatua: wamekuja kubeba vitanda, mtungi na mashine zote za chumba cha dharura.

Akidor alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa duka. Alisimama. "Twende," akasema, na neno hilo lilitoka safi.

Walikuta mlango wa chumba uko wazi, mara ya kwanza tangu Julai. Meneja Losike alikuwa ameshika orodha. Wapakizi watatu walikuwa wanafungua magurudumu ya kitanda. Hakuwa mtu mbaya, huyo meneja. Alimsalimu Akidor kwa heshima, "Ejoka, mama," akaeleza kwamba vifaa vimekaa bure, huko Lodwar vitaokoa watu, na kwamba uamuzi ulitoka Nairobi.

Akidor alipita kati ya wapakizi kwa fimbo yake, akafika kwenye kitanda kilichobaki na magurudumu, akampa Ajok fimbo. Akakaa. Akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaupandisha juu ya shuka, akalala chali.

"Mama, ni nini sasa?" meneja aliuliza.

"Mimi. Mgonjwa."

"Lakini wewe ulishapona! Ulitibiwa, uko hai. Wewe ndiye mfano wetu kwamba mpango wa Lodwar unafanya kazi. Hata kwenye ripoti tumekuandika."

Ajok alifungua mdomo amjibu, maneno yakiwa tayari kwa lugha tatu. Kisha akamwona Akidor anamtazama, akaufunga.

Akidor aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, juu, mpaka kila mtu akauona. Akauachia. Ulianguka kitandani kama gunia.

"Hii," alisema. Alitafuta neno la pili. Meneja alitaka kumsaidia, Ajok akamnyooshea kidole anyamaze. "Hii... imepona? Ripoti... andika hii. Masaa manne. Kufuli. Andika."

Wapakizi walikuwa vijana wa Kiturkana. Mmoja wao aliweka spana chini, akaifuta mikono yake, akatoka nje kukaa kivulini. Wenzake wakamfuata.

Mpaka adhuhuri chumba kilikuwa kimejaa. Nyamal, mkunga wa Kinuer wa kambini, alikuja na wanawake wa mtaa wake. Akina mama wa Kiturkana walikuja na shanga zao na watoto mgongoni. Ayak, anayeuza mandazi, alikaa sakafuni akaukumbatia mtungi wa oksijeni kwa mikono na miguu. Wanawake wa pande hizi mbili walikuwa wamegombania kuni na maji miaka nenda rudi, na siku hiyo pia waligombana, juu ya nani alale kitanda cha pili. Lakini hakuna aliyetoka.

Meneja aliita polisi. Alikuja yule koplo wa kizuizini. Alitazama chumba, akamtazama Akidor, akamtazama Ajok muda mrefu zaidi.

"Watoe," meneja alisema.

"Mgonjwa aliye kitandani hatolewi na polisi," koplo alijibu. "Anaruhusiwa na mwenye kazi hiyo. Ni nani hapa?"

Watu wote waligeuka. Sista Chepkemoi alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka. Meneja alimwambia kwa upole, "Sista, mruhusu aende nyumbani. Tia sahihi tu."

Chepkemoi aliingia. Alichukua kipimo cha presha, akamfunga Akidor mkononi, akapuliza, akasikiliza, akarudia tena.

"Mia na tisini kwa mia moja na kumi," alisema. "Huyu alishapata kiharusi. Kwa presha hii simruhusu. Anahitaji kitanda, na kitanda ni hiki." Akaandika kwenye kadi, akaning'iniza kadi kwenye chuma cha kitanda. Kisha akamwinamia Akidor, akasema chini chini jambo ambalo Ajok peke yake alisikia: "Nisamehe ya siku ile." Akidor alimpigapiga mkono.

Walikaa humo siku tisa. Walipika nje, wakalala kwa zamu. Siku ya pili lori liliondoka tupu. Ya nne mtu wa redio alikuja, akataka kuzungumza na Ajok kwa kuwa Kiswahili chake ni chepesi. Ajok alimwelekeza kitandani. "Ongea na yeye. Ukiwa na haraka, rudi Nairobi." Mahojiano ya dakika tano yalichukua saa nzima, na yalitangazwa yote, pamoja na vile vimya virefu, kwa sababu mtu wa redio hakuthubutu kuvikata.

Ya tisa, barua ilifika. Vifaa vingebaki. Chumba kingefunguliwa mchana na usiku, na daktari wa Lodwar apatikane kwa simu. Gari la wagonjwa halikutajwa. Kulikuwa na barua nyingine, fupi, ya Sista Chepkemoi: amehamishwa, aripoti kituo kingine kabla ya mwisho wa mwezi. Alifunga sanduku lake moja, na wanawake waliokuja kumsindikiza walijaza barabara mpaka basi likashindwa kugeuka.

Aprili, uchaguzi ukiwa umepita na serikali mpya ya kaunti ikiwa inatafuta viti vya kukalia, mwalimu mmoja mstaafu aliletwa chumbani uso umeshuka. Aliwekewa oksijeni ndani ya dakika kumi. Daktari Lochakapong alielekeza kwa simu, presha ikaanza kushuka. Kila kitu kilifanywa sawa. Kisha wakangoja gari kutoka Lodwar, na gari lilikuwa Todonyang, huko mpakani, limembeba mtu mwingine. Mwalimu alikufa jioni, kwenye kitanda kilekile.

Baada ya mazishi Akidor alikuja dukani. Hakuketi, wala hakugombana. Aliweka karatasi juu ya meza. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda kama ua wa miiba: GARI. Chini yake, jina lake.

"Kaunti," alisema. "Lodwar. Napeleka. Nakaa... mlangoni. Mbaka waleta."

"Mpaka walete," Ajok alimrekebisha.

"Mbaka," Akidor alisema kwa ukali.

Ajok alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akamwita Achai ashike duka. Alichukua shuka, sufuria ndogo, furushi la samaki wasiokauka vizuri, na kadi yake ya ukimbizi. Nje, Erupe alikuwa tayari amewasha pikapu.

"Na kibali?" Achai aliuliza. "Umeomba kibali, mama?"

"Nimeomba wiki mbili zilizopita," Ajok alisema, akimsaidia Akidor kupanda. "Hawajajibu. Wakijibu, waambie wanipate Lodwar, kwenye mlango wa serikali. Watatuona. Tutakuwa wawili, na mmoja hana haraka ya kumaliza sentensi."